Je, Wajua? Muziki Unaweza Kuzima Gari la Umeme Lenye Chaji Tele

Sikukuu moja jioni, pale Raskazone, Tanga, mjomba wangu aliegesha kijigari chake cha umeme chini ya mkungu, akafungua milango yote minne na kuachia taarab. Subwufa na amplifaya zilikuwa na wiki moja tu tangu zifungwe huko Ngamiani. Gari hakuliwasha. Aliwasha redio peke yake, "nisije nikamaliza chaji," alisema. Baada ya saa moja na nusu hivi besi ikaanza kukoroma, kisha muziki ukakata. Alipotaka kuondoka, taa za dashibodi zilipepesa mara mbili zikafa, na hata rimoti ikawa haifungi milango.

"Mzee, chaji imeisha," kijana mmoja akamwambia.

"Imeisha vipi, mwanangu? Nimefika hapa na asilimia 80!"

Wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu gari la umeme lina betri mbili.

Ile inayotangazwa ni betri kubwa iliyolala chini ya sakafu. Kwenye Nissan Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa 2010, ni ya volti 360 hivi na inabeba kilowati-saa 24. Kwa lugha ya LUKU, hizo ni uniti 24. Ya pili ni betri ya kawaida ya volti 12, ndugu ya ile iliyo kwenye gari la petroli, na mara nyingi ni ndogo. Taa, vioo vya milango, kompyuta, honi na redio vyote vinakula huku kwenye ndogo. Ukiichukulia kuwa ya ampea-saa 45, ndani yake mna nusu uniti tu, na ukiimaliza zaidi ya nusu yake unaanza kuiua. Kwa hiyo cha kuchezea ni robo uniti. Amplifaya inayokula wastani wa wati 150 huimaliza robo hiyo kwa muda usiofika saa mbili. Hesabu ya Raskazone ndiyo hiyo.

Lakini betri kubwa ilikuwa imejaa, kwa nini haikumsaidia mwenzake? Kwa sababu gari likizimwa, betri kubwa hutengwa na gari lote kwa swichi nene za sumaku, ili volti 360 zisibaki zikizunguka kwenye nyaya bila kazi. Swichi hizo huunganishwa tena kwa nguvu ya ile betri ndogo. Ndogo ikifa, hakuna wa kumfungulia mkubwa mlango. Alichokifanya mjomba ili kuokoa chaji ndicho kilichomlaza njiani.

Na ujanja wa jambo hili ni kwamba halitoi dalili. Gari la petroli betri ikichoka utasikia stata ikivuta kivivu asubuhi, ukajua siku zake zinahesabika. Gari la umeme halina stata. Betri yake ndogo inaamsha kompyuta na swichi basi, kazi inayotaka ampea chache, kwa hiyo inaweza kudhoofika miezi kadhaa na wewe huna habari. Uzuri wa upande wa pili ni kwamba kulifufua nako ni rahisi. Siku ile aliyetuokoa alikuwa dereva wa bajaji. Tuliunga nyaya mbili kutoka betri yake, chanya kwa chanya na hasi kwenye bodi, mjomba akabonyeza kitufe, gari likaamka.

Likishaamka, kifaa kimoja huanza kazi: kinachukua umeme mkali wa betri kubwa, kinaushusha hadi volti 13 au 14 na kuijaza ndogo. Ndicho kilichoshika nafasi ya altaneta, na kwa mpenda muziki ni bora kuliko altaneta. Altaneta ya petroli injini ikinguruma gari limesimama hutoa umeme kiduchu, ndiyo maana taa hufifia besi ikipiga. Hiki hakijali kama gari limesimama au linakimbia, na kwenye magari mengi kinatoa kilowati 1 hadi 2. Kwa hiyo ukitaka kukaa ufukweni na muziki, liwashe gari kabisa, mpaka dashibodi ioneshe alama ya kuwa tayari kutembea, liweke kwenye parking na uvute hendibreki. Muziki wa wati 150 kwa saa nzima utakula uniti 0.15, yaani kama kilomita 1 ya mwendo kwa gari linalotumia uniti 15 kwa kilomita 100. Safari ya Pangani muziki hauna hata haja ya kuuwekea bajeti. AC ndiyo ya kuiogopa.

Sasa tuje kwenye kuboresha. Mafundi wetu wengi huanza na subwufa, kwa sababu ndiyo inayotikisa shati. Mimi ningeanza na milango. Injini ya petroli ina ngurumo ya chini inayofunika mambo mengi: plastiki iliyolegea, waya unaogonga bati, mlango unaotetemeka. Gari la umeme limekuondolea pazia hilo, hasa chini ya kilomita 50 kwa saa kabla tairi na upepo havijashika zamu. Funga spika nzuri kwenye mlango mtupu utasikia mlango, siyo spika. Vua kava la ndani, safisha bati kwa spiriti, bandika shiti za lami-mpira zenye karatasi ya alumini, uzikandamize kwa rola mpaka zishike, kisha ziba matundu makubwa. Spika hutoa sauti mbele na nyuma, na matundu yakiwa wazi ile ya nyuma huja kuiua besi ya mbele. Kwa kupima, weka taarab ya Tanga ya zamani, ya akina Black Star na Lucky Star, yenye gitaa la besi linalotembea. Kila noti ya besi isikike peke yake. Zikichanganyika kuwa mvumo mmoja, rudi mlangoni.

Halafu usidanganyike na maandishi ya "wati 50 x 4" usoni mwa redio. Redio isiyo na amplifaya ya nje ina volti 14.4 tu za kuchezea, na spika ya omu 4. Piga hesabu, wimbi safi kwa kila spika haliwezi kuvuka wati 26, na kwa kweli hata hazifiki. Zinazobaki ni za kwenye boksi. Amplifaya ya nje inazidi hapo kwa sababu ndani yake mna kifaa cha kupandisha volti. Kwa gari la umeme tafuta ya klasi D, ambayo hufikisha kwenye spika asilimia 80 au zaidi ya umeme inaokula. Za klasi AB karibu nusu hupotea kuwa joto.

Redio yenyewe usiing'oe haraka, maana kwenye magari haya skrini hiyo hiyo mara nyingi ndiyo inayoonesha matumizi ya umeme, ratiba ya kuchaji na kamera ya nyuma. Zipo amplifaya zinazopokea sauti kutoka nyaya za spika zilizopo. Waya mkuu wa umeme uchukue kwenye betri ndogo, fyuzi ikiwa karibu nayo kabisa, isizidi nusu mita. Waya wa ethi ufunge kwenye bati lililokwanguliwa rangi, siyo kwenye kichwa cha hasi cha betri, kwa kuwa magari mengi yana kipimo pale na ukikipita kompyuta itapotea hesabu. Paka grisi viungio, chumvi ya bahari hii inaota ukijani haraka. Nyaya za sauti zipite mbali na nyaya nene za rangi ya chungwa, la sivyo utasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta (tumezoea kusema hivyo). Za chungwa zenyewe fundi wa muziki asiziguse hata kwa bisibisi. Zinaua.

Na kile kispika cha mbele kinachovuma gari likitembea polepole, fundi asikikate akidhani ni kelele. Ulaya kimelazimishwa kwa aina mpya za magari ya umeme tangu Julai 2019, ili mwenda kwa miguu asikie kitu kinakuja. Mji wenye baiskeli kama huu wetu unakihitaji.

Mjomba siku hizi analiwasha gari kwanza, ndipo anaachia taarab. Kilichobaki ni redio, ambayo ilikuja na gari kutoka Japani: FM ya Kijapani ilianzia 76 ikaishia 90, na stesheni nyingi anazozitaka ziko juu ya hapo. Ameagiza ekspanda, kifaa kinachoshusha stesheni za juu ziingie kwenye masafa ya redio yake.