Thamani ya ndani ya kazi ya sanaa ni nini?

Bei ni kiasi ambacho mnunuzi fulani alilipa siku fulani. Thamani ya ndani ni ile ambayo kitu kinayo kwa jinsi kilivyo, hata kisipoleta faida nyingine. Ili kuitambua, uliza "cha nini?" na urudie swali. Nyundo ni ya kupigilia msumari, msumari ni wa kushika bati, bati ni la kuzuia mvua. Mchoro unaotazamwa kwa raha ya kuutazama hukatisha mfululizo huo.

"Chema chajiuza," husemwa, ila mnadani sivyo. Salvator Mundi, mchoro wa Yesu kwenye ubao, iliuzwa London mwaka 1958 kwa pauni 45, ikidhaniwa nakala. Mwaka 2017 iliuzwa New York kwa dola milioni 450.3. Wengi hurukia kusema ubao ni uleule, basi bei ni porojo. Si kweli kabisa: mwaka 1958 sura halisi ilikuwa imefunikwa na rangi za mafundi wa baadaye, ambazo ziliondolewa baada ya 2005. Kilichopaisha bei zaidi, hata hivyo, ni jina la Leonardo da Vinci, na wataalamu hadi leo hawajakubaliana kama mkono ni wake.

Mtihani mgumu zaidi ni wa Han van Meegeren, mchoraji Mholanzi. Mwaka 1937 mchoro wake wa karamu ya Emau ulisifiwa kuwa wa Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, na jumba la makumbusho la Rotterdam likaupata. Mwaka 1945 alikiri kuughushi: alitumia turubai kuukuu, akachanganya rangi na bakelaiti (plastiki ya zamani inayokauka kwa joto), akaioka ikakauka kama ya karne tatu. Baada ya kukiri, hakuna doa la rangi lililobadilika. Kama thamani ya ndani ni kile tu ambacho jicho linaona, basi haikupungua hata chembe. Jibu hilo halitoshi. Vermeer alihangaika mwenyewe kujua mwanga wa dirishani uwekweje; Van Meegeren alinakili jibu. Jitihada hiyo ni sehemu ya kazi, ingawa haionekani kwa darubini. (Wanafalsafa wakali watakuambia kitu kinachotegemea historia si cha "ndani" tena, ni cha kuthaminiwa kwa ajili yake chenyewe. Tofauti ipo, ila haiirudishi bei mezani.)

Pia usichanganye na thamani ya malighafi. Kinyago cha mpingo halisi huzama majini. Cha mti mwepesi uliopakwa kiwi huelea, na ukikisugua kwa kitambaa, kitambaa hutoka cheusi. Hapo umejua mti. Uchongaji bado hujautazama.