Faida kupanda haimaanishi hisa ni salama

Kuna ile meseji inazunguka sana kwa magrupu ya chama hapa Kisumu, eti kampuni ikitangaza faida imepanda basi hisa zake ni salama, nunua haraka. Hapana jameni. Kampuni huandika mauzo ikishapeana mzigo hata kama mteja hajalipa, na jengo lake la kukodisha likikadiriwa upya kwa bei ya juu hiyo tofauti inaweza kuingia kwa faida bila shilingi kufika benki. Ni kama mama wa samaki pale soko la Kibuye aliyeuza karibu zote kwa deni, kitabu kinasema amepata lakini pesa ya stoki ya kesho hana. Faida ya hivyo mara nyingi haidumu, na faida ikishuka, bei ya hisa nayo inaweza kuporomoka.

Kucheki si ngumu, fungua ripoti ya mwaka kwa tovuti ya kampuni, tafuta ukurasa wa mtiririko wa fedha, linganisha pesa iliyoingia kutokana na biashara yenyewe na faida, angalau miaka 3. Soma na maoni ya mkaguzi wa hesabu. Watu huchanganyikiwa juu vichwa vya habari hutaja faida tu, naelewa kabisa, lakini hizi ni akiba za watu, tafadhali ukiipata hiyo meseji tena usiifowadi.