Kwa nini mapadri wa Uingereza walitumwa kuhesabu ekari za ngano mwaka 1801?

Mwaka 1801 mapadri wa vijijini Uingereza waliletewa fomu isiyohusu sala wala ubatizo. Ilitaka ekari: ngano ngapi, shayiri ngapi, oti, rai (nafaka inayofanana na ngano), viazi, njegere, maharage, tanipu (zao la mizizi). Chini iliachwa nafasi ya maoni. Mwenye kuuliza alikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na fomu zilipitia kwa maaskofu.

Serikali ilikuwa imebanwa. Mavuno ya 1799 na 1800 yalikuwa mabaya, na vita na Ufaransa viliifanya nafaka ya nje kuwa ya mashaka. Kota moja ya ngano, kama kilo 220 hivi, iliuzwa kwa wastani wa shilingi 43 mwaka 1792. Mwaka 1801 ilipita 119. Bunge lilikuwa limeshakataza mkate kuuzwa kabla haujatimiza saa 24 tangu utoke tanuruni, maana mkate wa moto huliwa upesi. Ukiona serikali inapigana na mkate wa moto, ujue ghala ni tupu.

Lakini kwa nini padri? Kwa sababu maofisa kilimo hawakuwapo, ilhali kila parokia ilikuwa na padri wake, anayejua kuandika na anayewafahamu wakulima kwa majina. Hapo serikali ilikuwa na hoja.

Kilichoharibu mambo ni zaka. Sehemu ya kumi ya mazao ilikuwa haki ya kanisa kisheria. Kwa utaratibu wa zamani, mkulima alifunga miganda shambani, kila mganda wa kumi ukachomekwa tawi bichi kuwa alama, kisha mkokoteni wa padri ukapita kuukusanya. Kufikia 1801 parokia nyingi zilikuwa zimehamia kwenye fedha, lakini nazo zilikadiriwa kwa kuangalia shamba. Sasa mtu huyohuyo anabisha hodi akiuliza, "Una ekari ngapi za ngano?" Wewe ungemjibu nini? Na kodi ya mapato ilikuwa imeanza juzi tu, mwaka 1799, kwa hiyo hata mkulima asiyemhofia padri aliihofia serikali iliyo nyuma yake.

Basi wengi wakapunguza hesabu, na baadhi ya mapadri wakaandika waziwazi kwenye nafasi ya maoni kwamba wakulima hawakutaka kusema. Ekari yenyewe ilikuwa na utata: ya kimila huko Cheshire ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kisheria. Viazi vya bustani za maskini, ambavyo ndivyo vilivyowashibisha, mara nyingi havikuhesabiwa. Malisho hayakuulizwa kabisa, hivyo parokia ya wafugaji wa kondoo inaonekana kama watu wake hawakuwa na kazi.

Fomu zilizosalia ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London. Wanahistoria huzithamini sana, ila huzisoma kama kiwango cha chini: ngano haikupungua hapo, huenda ilizidi.

Sheria ya 1836 iligeuza zaka kuwa malipo ya fedha, ugomvi wa miganda ukapoa. Takwimu za kilimo za kila mwaka zilianza 1866, na safari hii padri aliachwa na ibada zake. Fomu walipewa maofisa wa kodi wazisambaze.