"Ujuzi wa kidijitali" si kuwasha projekta

Mtaala wa umilisi wa shule za Kenya umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi 7, na sasa maneno hayo hayakauki vinywani jijini Nairobi. Mwanagenzi wa ualimu wa Kiingereza akiunganisha projekta na kuonyesha slaidi, basi tayari husemwa kuwa anao. Hapana. Dhana hii ni uwezo wa kutafuta maandishi, sauti na picha mitandaoni, kuzielewa, kuzipima na kuzitumia kwa uadilifu.

Chanzo cha kosa ni tafsiri. "Dijitali" asili yake ni digitus, yaani kidole kwa Kilatini. Watu walihesabia vidole, hatimaye neno likawa jina la tarakimu. Neno la Kiingereza linaloandamana nalo, literacy, limetoka kwa littera, herufi: ni habari ya kusoma na kuandika. Sisi tukaweka "ujuzi", na Mkenya akisikia ujuzi huwaza kazi ya mkono: kushona, kuchomelea. Herufi ikapotea, kidole kikabaki. Paul Gilster, aliyeieneza dhana hii kwa kitabu chake cha 1997, alisisitiza kumiliki mawazo, si kubonyeza vitufe. Nasi neno tulikuwa nalo: kisomo, lile lile la kisomo cha watu wazima.

Tazama zoezi la sarufi. Mwanagenzi anaiagiza programu ya akili unde imtungie maswali 10 ya kujaza pengo. Moja linasema "He ___ in Nairobi since 2019", na jibu lililotolewa ni "has lived". Mwanafunzi akiandika "has been living" anapigwa mkasi, ilhali yote mawili ni sahihi. Mitambo ilifanya kazi vizuri. Aliyekosekana ni msomaji. Ndivyo ilivyo pia anapomrekodi mtoto akisoma, kisha akaituma sauti kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwanza, na kitufe cha kutuma hakimkumbushi hilo.

Kwa hiyo anayewasha projekta tumwambie ana ujuzi wa vifaa, nao una faida yake darasani. Lile jina kubwa tumpe tukimwona amekaa na kalamu, akijibu zoezi lake mwenyewe kabla ya kulichapisha.