Filamu ya tabaka nyingi si tinti iliyobandikwa mara mbili

Hapa Dodoma, jua la Oktoba likishakaza, ukipita kwa mafundi wa vioo vya magari huwezi kuikosa kauli hii: "Fundi, moja haitoshi, nipigie tabaka mbili." Naye fundi anajibu, "Usijali bosi, hii ni ya tabaka nyingi, joto hutalisikia." Kisha anabandika karatasi nyeusi juu ya karatasi nyeusi. Siku hizi nayasikia hayo hata kwa wauzaji wa vioo vya majengo, na naona yafaa tuelewane.

Filamu ya tabaka nyingi ni karatasi moja nyembamba ya plastiki ambayo ndani yake polima mbili, yaani aina mbili za plastiki, zimepangwa kwa kupokezana, mara nyingi mamia ya tabaka, kila moja ikiwa na unene uliopimwa ili filamu irudishe mwanga wa aina fulani na kupitisha mwingine. Basi.

Neno la kushika hapo ni unene. Tazama dimbwi la maji lililodondokewa oili nje ya gereji. Zile rangi za upinde wa mvua hazimo kwenye oili. Mwanga uliorudi kutoka uso wa juu wa oili unakutana na ule uliorudi kutoka uso wake wa chini. Mawimbi yakienda pamoja rangi inang'aa, yakipingana inafifia. Rangi ipi ishinde huamuliwa na unene wa oili na pembe unayotazamia.

Filamu hizi hufanya hivyohivyo, ila kwa mpango. Mwanga wa kijani una urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ndani ya plastiki yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.6, robo ya wimbi hilo, ambayo ndiyo unene unaolengwa wa kila tabaka, ni kama nanomita 86, wakati unywele mmoja una makumi ya maelfu ya nanomita. Kila mpaka kati ya polima mbili hurudisha mwanga kidogo sana, chini ya asilimia 1, lakini mipaka ikiwa mamia na mawimbi yote yakirudi kwa pamoja, karibu mwanga wote wa rangi hiyo hugeuzwa njia. Mwaka 2000 watafiti wa kampuni ya 3M ya Marekani walieleza katika jarida la Science vioo vya kujitazamia vilivyotengenezwa kwa plastiki tupu, bila chembe ya metali. Filamu za jamaa hiyo zimo pia nyuma ya skrini nyingi za simu na kompyuta, zikirudisha mwanga ambao ungepotea.

Tinti ya kawaida nyeusi ina kazi nyingine kabisa: rangi yake hunyonya mwanga. Joto lililonyonywa halijaenda popote, limebaki kwenye kioo. Gusa kioo hicho saa nane mchana gari likiwa limeegeshwa juani. Sehemu ya joto hilo hutoka nje, sehemu huingia kwako. Kwa hiyo tinti husaidia, sikatai, lakini ukiongeza ya pili umeongeza giza na kukifanya kioo kinyonye zaidi, na usiku barabara ya Kondoa utaiona kwa shida.

Linalosahaulika ni kwamba karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni infraredi, yaani mwanga ambao jicho haliuoni. Filamu ya tabaka nyingi iliyopimwa kwa infraredi inaweza kuirudisha nje sehemu kubwa yake huku yenyewe ikiwa angavu karibu kama kioo kitupu. Weusi hauonyeshi uwezo wa kuzuia joto. Tena, kwa kuwa filamu ya polima tupu haina metali, haisumbui mawimbi ya simu.

Ukiipata ya kweli, iinamishe taratibu mkononi chini ya jua: kwa kuwa pembe ikibadilika mawimbi yanayorudishwa huwa mafupi zaidi, ile ya infraredi huweza kutoa mng'ao mwekundu kwa mbali. Karatasi nyeusi hubaki nyeusi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mafundi, mteja akiomba tabaka mbili mwelezeni tu kwamba tabaka hizo hupangwa kiwandani, plastiki ikiwa bado imeyeyuka, na kisha huvutwa pamoja hadi zifikie unene unaotakiwa. Na wewe mteja, badala ya kuuliza ni nyeusi kiasi gani, uliza inarudisha infraredi asilimia ngapi.