Nani kamkimbia nani? Dhana potofu kuhusu mastaa wa NBA na uaminifu kwa klabu

Katikati ya mwaka 2017, Los Angeles Clippers, klabu ya ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani (NBA), walimwalika staa wao Blake Griffin uwanjani kwao kumbembeleza asaini tena. Wakampitisha katika historia ya maisha yake kama mtu anayetembezwa makumbusho, kisha wakaipandisha jezi yake namba 32 hadi darini, heshima wanayopewa magwiji waliokwisha kustaafu. Yaani: ukibaki nasi, hivi ndivyo utakavyoagwa. Griffin akasaini miaka mitano, zaidi ya dola milioni 170. Januari 2018, msimu wenyewe haujaisha, wakampeleka Detroit, maana klabu ya NBA inaweza kumhamisha mchezaji bila ridhaa yake.

Kisa hicho hunijia kila staa wa NBA anapobadili klabu na mabishano yakarudi palepale: uaminifu umekufa, mastaa wamekuwa miungu-watu, wao ndio wanaopanga na kupangua. Kuna chembe ya ukweli humo. Yaliyobaki ni mazoea ya kusema.

Dhana: Zamani wachezaji walikuwa waaminifu

Zamani mlango ulikuwa umefungwa. Mikataba ya NBA ilikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kuendelea kumshikilia mchezaji hata mkataba ukiisha. Ukikataa, kaa nyumbani. Mwaka 1970 Oscar Robertson, wakati huo rais wa chama cha wachezaji, akaishitaki ligi. Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 1976, lakini uhuru kamili ulichelewa tena. Ilifika 1988 ndipo Tom Chambers akahama Seattle kwenda Phoenix, wa kwanza kuondoka bila klabu yake kuwa na haki yoyote ya kumzuia. Kwa hiyo ukimsifu gwiji wa miaka ya 1960 kwa kubaki klabu moja, jiulize kwanza angetokea wapi.

Na hata mlango ukiwa umefungwa, wakubwa waliupiga teke. Kareem Abdul-Jabbar aliwapa Milwaukee ubingwa wa 1971, kisha akaomba kuondoka, na mwaka 1975 akaenda Lakers. Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha Magic Johnson. Mwaka 1981 alikuwa kijana wa miaka 22, ametoka kusaini mkataba wa miaka 25 wa dola milioni 25. Novemba, baada ya mechi kule Utah, aliwaambia waandishi kwamba haelewani na kocha Paul Westhead na anataka kuhamishwa. Kesho yake Westhead hana kazi! Mashabiki wa Lakers wakamzomea Magic nyumbani kwake. Timu akapewa Pat Riley, ubingwa ukaja 1982, na zomeazomea ikasahaulika. Leo hakuna anayemtolea Magic mfano wa staa mkorofi. Watu wanakumbuka tabasamu.

Dhana: Anayeondoka ndiye msaliti

Sikiliza maneno yetu wenyewe. Mchezaji akiondoka, "ametukimbia". Klabu ikimtoa, "biashara ni biashara". LeBron James alipotangaza kwenye televisheni Julai 2010 kwamba anatoka Cleveland kwenda Miami, jezi zake zilichomwa moto na mmiliki wa klabu akawaandikia mashabiki barua iliyojaa hasira. Binafsi naona kipindi kile cha televisheni kilikuwa kituko, na Cleveland walistahili kuambiwa kwa staha zaidi. Lakini mkataba ulikuwa umekwisha. Alikuwa ameitumikia misimu 7 klabu ambayo hakuichagua, maana kwenye drafti, yaani mgawo wa wachezaji wapya, klabu ndiyo humchagua mchezaji.

Sasa mweke kando yake Isaiah Thomas wa Boston. Aprili 2017, siku moja kabla ya timu yake kuanza mchujo wa kuwania ubingwa, dada yake alifariki katika ajali ya gari. Thomas akacheza. Tarehe 2 Mei, siku ambayo dada yake angetimiza miaka 23, aliwafunga Washington pointi 53. Nyonga ilikuwa mbovu, akaisukuma hivyohivyo mpaka ikamgomea. Agosti ya mwaka huohuo Boston wakamtoa kwa Cleveland ili wampate Kyrie Irving. Kimchezo tu, sidhani kama Boston walikosea. Walipiga hesabu zao, kama LeBron alivyopiga zake.

DeMar DeRozan naye alikaa Toronto misimu 9. Julai 2018 akapelekwa San Antonio, akaja Kawhi Leonard, Toronto wakatwaa ubingwa wa 2019, na Leonard akaondoka mwezi uliofuata. Ukiuliza Toronto nani alikuwa mwaminifu hapo, jibu si rahisi, kwa sababu aliyewapa kombe ni yule aliyekaa mwaka mmoja tu.

Halafu Luka Dončić. Februari 2025, akiwa na miaka 25, miezi minane baada ya kuwafikisha Dallas fainali, alipelekwa Lakers kwa kubadilishana na Anthony Davis. Habari ilipotoka usiku wa manane, wengi walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitangaza imedukuliwa. Luka hakuwa ameomba kuondoka.

Dhana: Pesa nyingi hununua uaminifu

Ligi yenyewe iliiamini dhana hii. Kevin Durant alipoiacha Oklahoma City mwaka 2016 na kujiunga na Golden State, timu ileile iliyotoka kuwatoa kwenye mchujo, makubaliano mapya ya kazi yaliyoanza 2017 yakaleta mkataba mnono unaoitwa supamaksi: staa mwenye sifa fulani anaweza kupewa hadi asilimia 35 ya kikomo cha mishahara ya timu nzima, na ni klabu yake tu inayoweza kumpa. Wazo lilikuwa zuri. Russell Westbrook, aliyebaki Durant alipoondoka, akasaini Septemba 2017, dola milioni 205, akashangiliwa kama mtoto wa nyumbani. John Wall naye akasaini wa kwake Washington mwaka huohuo.

Julai 2019 Westbrook alikuwa Houston. Desemba 2020 Houston na Washington wakabadilishana: Wall huku, Westbrook kule. Mikataba miwili ya uaminifu ikapishana njiani.

Haikuwa bahati mbaya. Mshahara unaokula theluthi nzima ya kikomo ni mzigo, na staa akianza kuchoka goti, klabu ndiyo ya kwanza kutafuta pa kuutua. Kwa Luka mambo yalikuwa mabaya zaidi: kuhamishwa kwenyewe kulimwondolea haki ya supamaksi ya Dallas, takriban dola milioni 345 kwa miaka mitano. Lakers walimsaini miaka mitatu, milioni 165. Kwa kufukuzwa, si kwa kukimbia.

Dhana: Aliyebaki alibaki kwa mapenzi tu

Kobe Bryant alicheza Lakers misimu 20, lakini mwaka 2007 alitaka hadharani ahamishwe. Akabaki, Pau Gasol akaletwa Februari 2008, na ubingwa ukaja 2009 na 2010. Tim Duncan naye mwaka 2000 alikuwa na mguu mmoja Orlando kabla ya kurudi San Antonio. Ukiangalia vizuri, nyuma ya uaminifu mwingi kuna klabu iliyoshtuka kwa wakati.

Dirk Nowitzki lazima nimtoe katika kundi hilo. Alikaa Dallas misimu 21, na hakuna mwingine aliyewahi kuichezea klabu moja muda huo. Mwaka 2014, huku klabu nyingine zikiwa tayari kumlipa kiwango cha juu kabisa, yeye alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 25 ili Dallas wapate nafasi ya kusajili wengine. Hapo mapenzi yalikuwepo, sina ubishi. (Ingawa waliomchagua kwenye drafti ya 1998 ni Milwaukee, na wakamwachia Dallas usiku uleule. Kobe hali kadhalika: alichaguliwa na Charlotte.)

Dhana: Staa akiondoka, klabu imekwisha

Mwulize Oklahoma City. Julai 2019 Paul George aliomba kuondoka ili aungane na Kawhi Leonard pale Clippers. Oklahoma City wakachukua Shai Gilgeous-Alexander na rundo la nafasi za drafti. Moja ya nafasi hizo ndiyo iliyowaletea Jalen Williams mwaka 2022. Mwaka 2025 hao wawili walikuwa mabingwa. George na Leonard hawakuwahi kuifikisha Clippers fainali. Na Brooklyn, waliowakusanya Durant, Irving na James Harden chini ya paa moja, waliwaona watatu hao pamoja katika mechi 16 tu, mchujo ukiwemo.

Dhana: Staa akitaka kuondoka, huenda anakotaka

Harden alifanikiwa. Alitoka Houston, akatoka Brooklyn, akatoka Philadelphia, kila mara kwa kununa mpaka wakamchoka, na simtetei. Lakini bei ipo. Wakala wa Anthony Davis alipotangaza Januari 2019 kwamba mteja wake anataka kuondoka New Orleans, Davis alipigwa faini ya dola 50,000. Ben Simmons aligoma kuichezea Philadelphia msimu wa 2021/22 na akakatwa mamilioni ya mshahara.

Kinachomlinda mchezaji kweli ni kifungu cha kumruhusu kukataa kuhamishwa, nacho ni adimu. Lazima uwe umecheza ligi miaka 8, minne kati ya hiyo katika klabu inayokupa mkataba, na klabu yenyewe iridhie. Asiye nacho huomba tu.

Damian Lillard aliomba. Julai 2023, baada ya misimu 11 Portland, alitaka kwenda Miami na si kwingine. Portland wakavuta muda hadi Septemba, wakampeleka Milwaukee. Aprili 2025, katikati ya mchujo, kano ya kisigino ikakatika. Julai Milwaukee wakauvunja mkataba wake, wakakubali kuendelea kulipa takriban dola milioni 113 kidogokidogo kwa miaka mitano, ili tu wapate nafasi ya kumsajili Myles Turner. Mwezi huohuo Lillard, akijua kwamba msimu ujao atautazama kutoka benchi, alirudi Portland: miaka mitatu, dola milioni 42, na safari hii ndani ya mkataba kuna kifungu kinachosema hahamishwi mpaka mwenyewe akubali.