San Jose, 1978: Sargon ilivyoshinda bila kutazama mbali

Ikitajwa kompyuta na sataranji, wengi hukimbilia Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Kasparov mwaka 1997. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za michezo ya ubao, na mashindano ninayoyarudia mara kwa mara ni yale ya Machi 1978, San Jose, California. Katika maonyesho ya West Coast Computer Faire, programu za kompyuta ndogo za mezani zilikutanishwa kwa mara ya kwanza kwenye mashindano yao wenyewe. Mashine kubwa za vyuo vikuu na maabara zilikuwa zimeshaanza kushindana Marekani tangu 1970.

Mashine hizi ndogo zilikuwa na nafasi finyu mno. MicroChess ya Peter Jennings, iliyotoka 1976 kwa ajili ya kompyuta ya KIM-1, ilienea kwenye kumbukumbu ya takriban kilobaiti moja. Haikuwa na skrini, ila tarakimu sita za taa zilizoonyesha kete gani inatoka mraba gani kwenda upi. Baadhi ya sheria, kama mfalme kupishana na ngome, ziliachwa nje ili programu itoshe.

Kasi nayo ilikuwa ndogo. Kwa wastani mchezaji ana hatua kama 35 za kuchagua kila zamu. Ukitaka kuona zamu mbili mbele, tayari ni hali 1,225 za ubao. Zamu nne, zaidi ya milioni moja na nusu. Hata mbinu ya alfa-beta, inayokata matawi yasiyo na faida, haikuzipa chipu za biti 8 za mashine hizi uwezo wa kwenda mbali. Na programu inayokatisha hesabu katikati ya kulana kete hujidanganya: inaona imekula, haioni italiwa.

Mshindi wa San Jose, Sargon ya mume na mke Dan na Kathe Spracklen, iliyoandikwa kwa asembli (lugha iliyo karibu na ya mashine yenyewe) ya chipu ya Z80, ililikabili tatizo hilo kwa namna ninayoipenda sana. Ilishinda michezo yake yote mitano.

Chukulia farasi wa adui yuko mraba wa d5, analindwa na askari mmoja tu. Askari ana thamani ya 1, farasi 3, ngome 5. Ngome yangu ikimla farasi napata 3, kisha askari anaila ngome napoteza 5: hasara ya 2. Lakini kama farasi wangu pia anafika d5, naanza na yeye kwa sababu ni wa bei ndogo. Napata 3, napoteza 3, halafu ngome inamla askari: nimebaki na faida ya 1.

Sargon haikucheza mfululizo huo ndani ya kumbukumbu yake, hatua kwa hatua. Ilipanga orodha ya wanaoshambulia mraba na wanaoulinda, wa bei ndogo mbele, ikajumlisha na kutoa. Tena iliangalia kete iliyofungwa, ile ambayo ikiondoka inamwacha mfalme au malkia wazi, isije ikahesabiwa kama mlinzi. Kwa mashine ya wakati ule, huo ulikuwa uamuzi wa busara kupita kiasi: kazi ya zamu kadhaa za utafutaji inafanywa kwa hesabu chache za kujumlisha na kutoa.

Mwaka huohuo toleo la pili la Sargon lilikwenda Washington kwenye mashindano ya mashine kubwa, likaifunga AWIT, programu ya Chuo Kikuu cha Alberta, iliyokuwa ikiendeshwa kwenye mashine ya Amdahl ya mamilioni ya dola. Mwaka 1980 huko London, kazi ya Spracklen, sasa ikiwa ndani ya Chess Challenger ya kampuni ya Fidelity, ilitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa kompyuta ndogo.

Msimbo mzima wa Sargon ya kwanza ulichapishwa kama kitabu mwaka 1978. Anayejifunza kuandika programu ya sataranji, aanzie sehemu inayoitwa XCHNG, inayohesabu kulana kete, kisha PNCK, inayokagua kete zilizofungwa.